Tundu la Sindano

Aliponipigia alisema mtandao umenuna.
Siku ya tatu, taa nyekundu,
na mjukuu ana mtihani Jumatatu.
"Ndoo, Lali. Ndoo na vyombo vyako."
Vyombo vyangu: kompyuta ya bawaba moja,
waya wa mita mbili, koleo, subira.

Uchochoro wa tatu Mkomani
nilimpisha punda na mifuko yake ya saruji,
nikavua viatu dakani.

Ruta waliitia ndani ya kidaka,
katikati ya bakuli za kale,
na mbele yake sinia ya shaba, ili papendeze.
Nikasema: Bi Mwanatumu, ukuta huu ni matumbawe,
unene wake toka kiganja hadi kiwiko.
Waliojenga hawakutaka jua lipite, wala maneno.
Na haya mawimbi ni maneno tu.
Juu yake mmeongeza shaba.
"Kumbe tumeivisha buibui," akasema.

Tukatoa sinia. Taa bado nyekundu.

Nikaanza mwanzo.
Zima. Hesabu thelathini, bila pupa.
Washa.
Waya utokao darini paka kautafuna,
si sana, pale tu penye jua anapolala.
Nikaukata, nikabana kichwa kipya,
nyuzi nane, kila moja na rangi yake na zamu yake.
Taa ikawa kijani.
Tukasema alhamdulillahi, mapema mno.

Maana simu iliandika: umeunganishwa.
Na chini yake, kwa herufi za aibu: hakuna intaneti.
Ni kualikwa arusi ukaachwa dakani
unasikia sahani.

Basi nikabisha hodi. Ndiyo kazi yetu:
unatuma hodi kwenye anwani, unangoja.
Mia tisini na mbili, nukta, mia sitini na nane,
nukta moja, nukta moja. Hilo ndilo daka la nyumba hii.
Hodi nne zikaenda, nne zikarudi.
Nikabisha mbele zaidi, ng'ambo.
Nne zikaenda.

"Nani aliyeitengeneza hii, Bi?
Ina neno la siri la ndani, silo lile la simu."
"Famau."
Sikuuliza la pili. Famau tulimzika Shaabani.

Nikamwonyesha tundu nyuma ya ruta, dogo kama tobo la chawa.
Ukilibonya kwa hesabu ya kumi, inasahau yote.
Inarudi kama ilivyotoka kiwandani.
Hata jina.

Jina lilikuwa kwenye simu zetu sote:
KWA MAMA HAKUNA HODI.

Alikuwa anashona kofia. Akashona matundu mawili, matatu.
"Ikisahau, wewe waweza kuikumbusha?"
Naweza, nikasema. Herufi kwa herufi.
Na neno la siri likiwa lilelile,
simu hazitajua kama ilizimika.
"Hata nafasi baina ya maneno?"
Hata nafasi.

Akachomoa sindano kwenye kofia.
Nikanyosha mkono kuipokea. Hakunipa.
"Wako watetemeka."
Akaitia mwenyewe, nami nikahesabu.
Kwenye saba alifumba macho.
Kwenye kumi taa zote zikazima.

Nikaingiza nambari za kampuni kutoka kwenye risiti.
Nikaandika jina, yote kwa herufi kubwa;
"Alikuwa akiandika kama apigaye kelele," akasema mama yake.
Neno la siri hakunitajia.
"Geuza uso." Nikatazama ukuta,
nikamsikia akibonya kwa kidole kimoja,
polepole, mara kumi na nne.

Kisha simu ya mjukuu ikalia chumbani.
Ikalia ya jirani wa juu.
Ikalia moja ng'ambo ya uchochoro, na nyingine, na nyingine,
salamu za siku tatu zikimwagika,
na mtu dirishani akapaza sauti: "Imerudi!"

Bi Mwanatumu akanitazama.
"Hawa wote neno la siri walipewa na nani?"

Nikawa nakunja waya wangu.
Akalitafuta tundu alipoachia, akalipata,
akaendelea kushona.